Kabla ya Semina, Kulikuwa na Ndoo ya Maji

Kayenze, Mwanza

Mwanangu Nyamizi,

Hujambo mama? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mavuno yameingia ghalani na sasa tunasubiri vuli. Baba yako anakusalimu, na bibi yako anamuulizia mjukuu wake kila siku.

Barua yako tumeipata. Unasema umekabidhiwa vijana wa kujitolea hapo mjini, wengi wao wamezaliwa na kukulia Mabatini na Igogo, na kabla hujaanza kuwafundisha unataka kujua ni kitu gani hasa katika utoto wa kijijini kinachomfanya mtu, akishakua, asimame kutetea maji na ardhi. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu swali hili hujibiwa ovyo. Utasikia kwenye makongamano kwamba mtoto wa shamba anapenda mazingira kwa kuwa amekua akitazama jua likizama ziwani. Uzuri wa ziwa hata mgeni wa siku mbili anauona. Anapiga picha, anaondoka. Mtoto wa kijijini anapewa kazi, na kazi ndiyo inayomfundisha kitu kinatoka wapi, kinapita wapi, na kikiisha ni nani atakayelala na njaa.

Chukua ndoo ya maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani. Binti anayeibeba kutoka chemchemi kabla ya kwenda shule anaijua ile chemchemi kuliko mtaalamu anayefika na gari mara moja kwa mwaka. Mwezi wa tano anachota bila kusubiri. Mwezi wa nane inambidi akae kidogo maji yajikusanye. Mwezi wa tisa kuna foleni. Akiona mwaka huu foleni imeanza mwezi wa saba, anajua huko juu kuna jambo, na akipanda kutazama hatakosa kulikuta: mkuyu uliokuwa unafunika chanzo umekatwa ukachomwa mkaa, au ng'ombe wameshindilia udongo mpaka mvua haizami tena, inateleza juu, au mtu amepanda mikaratusi hatua chache kutoka kwenye jicho la maji. Mkaratusi unakua upesi na unakunywa vilevile. Mti huo una mahali pake, shamba la kuni na nguzo kwenye mlima mkavu, lakini chanzoni ni hasara tupu. Hakuna aliyemkalisha binti yule darasani kumweleza haya. Ameyajua kwa shingo.

Ndiyo maana ukiyasoma maisha ya Wangari Maathai hushangai alikofika. Alizaliwa mwaka 1940 Ihithe, Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mtini mkubwa wanaouita mugumo, akimwambia ni mti wa Mungu. Karibu na mti ule palikuwa na kijito; huko ndiko alikochota maji, na huko ndiko alikocheza kwenye majani ya magimbi akijaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga. Alipokuja kurudi baada ya masomo yake Marekani, mti umekatwa ili pawe na nafasi ya chai, na kijito kimekauka. Mtu mwingine angeona mambo mawili ya kusikitisha. Yeye aliona jambo moja, kwamba mizizi ya mti ule ndiyo iliyokuwa inapenya mwamba na kuyapa maji ya chini njia ya kutokea. Kisha wanawake wa vijijini wakamweleza shida zao, kuni zimekuwa mbali, maji yamekuwa mbali, watoto hawashibi, akaona kuwa ni shida moja yenye majina mengi. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement kwa miche michache, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Akiwafundisha wanawake kuotesha miche, alikuwa anatumia elimu ambayo nusu yake aliipata kabla hajajua kusoma.

Vijana wako watauliza kama kuna utafiti wowote juu ya hili. Upo. Mwaka 1980 Mmarekani Thomas Tanner aliwauliza watu waliojitoa kuhifadhi mazingira nini kiliwafikisha pale, na kilichorudi tena na tena ni utoto wa kucheza na kufanya kazi nje, mahali penye miti na maji. Miaka ya 1990 Louise Chawla akawahoji wanaharakati wa Kentucky, Marekani, na wa Norwei. Mambo mawili yalijitokeza kuliko mengine: mahali ambapo mtoto alipazoea kwa muda mrefu, na mtu mzima wa karibu, mara nyingi mzazi au babu au bibi, aliyemwonyesha kuwa mahali pale panastahili kuangaliwa. Lakini waambie na upungufu wake: waliohojiwa ni wale tu waliokuwa wanaharakati tayari. Wenzao waliocheza kwenye mito ileile wakaja kuwa wachoma mkaa hawakuulizwa.

Na hapo, mwanangu, ndipo penye kiini. Kijiji peke yake hakitoshi. Wanaovuta kokoro, ule wavu haramu wa kukokota, usiku huku mwambao ni watoto wa hapahapa, wamekunywa maji haya haya. Tofauti inapatikana kwenye lile la pili la Chawla, mtu mzima anayemwambia mtoto sababu.

Mfano ulio karibu kuliko yote ni kiota cha sato. Pale maji yanapofika kwenye goti au kiunoni, mahali palipotulia, utaona kwenye mchanga vishimo vya duara kama sahani, kila kimoja kimesafishwa hadi mchanga wake unang'aa kuliko wa pembeni. Ni kazi ya dume. Anachimba, anakaa juu yake, anafukuza kila anayesogea. Jike anakuja, anataga, mayai yanarutubishwa, halafu jike anayaokota yote kwa mdomo na kuondoka nayo. Anayabeba humo, na vifaranga vikianguliwa anaendelea kuvibeba, kwa karibu wiki mbili, na muda wote huo hali kitu cha maana. Vikianza kutoka vinaogelea karibu na kichwa chake. Kivuli kikipita tu, vinarudi mdomoni vyote. Sasa fikiri kokoro linavyofanya kazi: wavu unazungushwa kwa mtumbwi, kamba mbili zinaletwa ufukweni, watu wanavuta, na uzi wa chini wenye vizito unakwangua sakafu yote kuanzia kina kirefu hadi mchangani. Vile vishimo vinafukiwa. Jike aliyekamatwa anatema mayai. Vifaranga vya urefu wa kidole vinakufa kwenye wavu, na tope linalotibuka linafunika mayai ya samaki wengine wanaotaga chini.

Mtoto aliyeonyeshwa kile kishimo, akaambiwa "usikanyage hapo, mama yao anarudi," akaachwa achungulie mwenyewe mpaka amwone dume, huyo akikua hahitaji kusomewa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ataielewa hata akisikia tu kuwa sato chini ya sentimita 25 na sangara chini ya sentimita 50 hawaruhusiwi kuvuliwa. Mtoto mwingine wa nyumba ya jirani, aliyekatazwa bila kuelezwa, anaona katazo kama ubabe wa maofisa, na siku ofisa hayupo anashika kamba.

Waambie vijana wako na habari ya furu, samaki wadogo wa asili wa hapa, kwa sababu inaonyesha jinsi mtu aliyekulia huku anavyofuata mambo yanavyoshikana. Sangara hakuwa wa ziwa hili letu la Victoria. Aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akakaa kimya kwa muda, na miaka ya 1980 akafumuka ziwa zima. Furu walikuwa wa aina mamia: wengine wanakula mwani, wengine wadudu, wengine konokono. Sehemu kubwa ya aina hizo zikatoweka. Mtu wa mjini akisikia hivi anasikitikia samaki, basi. Mwanamke wa mwambao anaona mbali zaidi. Furu alikuwa mdogo, ukimpasua ukamwanika juani anakauka. Sangara ni mkubwa na ana mafuta, jua halimwezi. Lazima akaangwe au akaushwe kwa moshi. Moshi unataka kuni. Kwa hiyo badiliko la samaki majini likawa shoka nchi kavu, na miti ikikatwa udongo ukashuka ziwani. Kisha vikaja viwanda vya minofu: minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na huku tukabaki na mapanki, vichwa na mifupa iliyokaangwa. Wako waliopata ajira na nyumba za bati kwa sangara, na usiwafiche vijana jambo hilo. Lakini anayetaka kuwa mwanaharakati ajifunze kuuliza maswali mawili kwa pamoja: mti umekwenda wapi, na samaki ameliwa na nani.

Elimu ya shamba inakufaa hasa kwenye hesabu. Mkulima hajisifu kwa mbegu alizofukia. Wanaharakati wengi wa mjini wanatangaza idadi ya miche waliyopanda, na kwangu hilo ndilo kosa kubwa la shughuli hizi. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni. Iliwekwa baada ya mkutano wa Stockholm wa mwaka 1972, na waliochagua tarehe hawakuwa na kalenda ya Mwanza mkononi. Huku Juni masika yameshaisha. Mche unaowekwa ardhini siku hiyo, mbele ya kamera, una miezi minne ya jua kabla ya vuli. Kama hakuna mtu wa kuumwagilia, umeuzika. Tarehe 5 Juni fanyeni kazi nyingine: safisheni mfereji, hesabuni miche ya mwaka jana iliyo hai, andaeni udongo wa kitalu.

Kitalu chenyewe kifanyeni hivi. Ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza, moja ya mchanga. Chekecheni, changanyeni, jazeni viriba, ile mifuko ya nailoni ya miche, mpaka juu bila kuacha nafasi za hewa. Samadi iwe imeoza kweli, ya rangi nyeusi na isiyo na harufu ya zizi, kwani mbichi inaunguza mizizi. Mkuyu una mbegu ndogo mno kama vumbi, msizifukie: ponda tunda lililokauka, changanya na mchanga laini, nyunyiza juu ya tuta, funika kwa nyasi kidogo na mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo. Miche ikiwa na majani manne hamishieni kwenye viriba. Kila baada ya wiki chache sogezeni viriba, la sivyo mizizi inatoboa chini na kushika ardhi, na siku ya kupanda itakatika. Wiki tatu za mwisho punguzeni maji ili mche uzoee shida. Panda vuli ikishalowesha ardhi kiasi cha kiganja na nusu kwenda chini, usipande mvua ya kwanza, maana mara nyingi inadanganya. Shimo liwe sentimita 60 kwa 60. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande wa pili, na unaporudisha anza na ule wa juu pamoja na samadi.

Na kiriba kitolewe. Nasisitiza kwa sababu nimeona miche mingi imefukiwa nacho. Ukiung'oa mche uliokufa namna hiyo baada ya mwaka utakuta mizizi imejizungusha ndani ya nailoni ikajikaba yenyewe. Chana kiriba upande mmoja kwa wembe, toa, na mzizi uliojikunja chini ukate. Halafu miiba kuzunguka mche, kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi wa jirani anaua miti mingi kuliko jua. Halafu mwenye kuuangalia awe mtu mmoja anayejulikana kwa jina, asiwe "jamii".

Vijana wasifikiri kuwa uhifadhi umekuja na mashirika. Wapeleke Ukara siku moja, kisiwa kile kaskazini ya Ukerewe. Ardhi yake ni mchanga wa miamba, watu wamejaa kuliko karibu vijiji vyote vya bara, na bado walilima mashamba yaleyale miaka nenda rudi bila kuyaua. Wakara walifuga ng'ombe ndani, kwenye mashimo, wakiwakatia majani na kuwaletea, ili samadi isipotee hata kidogo. Walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya uwele, kisha wakaifukia ardhini iwe mbolea. Miti ilikuwa na wenyewe, kila mmoja anajulikana ni wa nani. Mtoto wa Ukara alikuwa anabeba kikapu cha samadi kwenda shambani kama wa huku anavyobeba ndoo. Huyo umwambie nini kuhusu rutuba?

Na kwetu Usukumani kuna ngitili. Eneo la malisho linafungwa mvua zinapoanza, majani yanakua bila kuguswa, linafunguliwa kiangazi kikikaza. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa kuua mbung'o, pamba ikapanuka, mifugo ikaongezeka, na Shinyanga ikaitwa jangwa. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 haukufufua ardhi kwa mti mgeni wa miujiza. Ulirudi kwenye ngitili, ukawaachia dagashida, baraza letu la kimila, na sungusungu kazi ya kusimamia, na mpaka miaka ya mwanzo ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimefufuka. Vingi vya visiki vilikuwa hai chini ya ardhi muda wote huo, vinasubiri kuachwa tu. Mchungaji aliyewahi kuchapwa kwa kuingiza ndama kwenye ngitili ya watu kabla ya wakati anaelewa jambo ambalo wengi wanalisomea: kuhifadhi ni kukubaliana juu ya lini na kiasi gani. Edward Loure, aliyekulia kwa wafugaji wa Simanjiro na kupata Tuzo ya Goldman mwaka 2016, alijenga kazi yake yote juu ya jambo hili la nyasi za pamoja, akazisaidia jamii kupata hati za kimila za ardhi yao kwa jina la jamii nzima badala ya mtu mmoja mmoja.

Kutokana na malezi ya namna hii mtu anajifunza pia kusema na watu. Ukija kijijini kuhusu mita 60, usianze na bango. Ni kweli Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuudhuru ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini anayelima pale analima nyanya za kiangazi, na ndizo ada ya mtoto. Piga hodi kwa mwenyekiti na mtendaji, kaa na wazee wa mwalo na BMU, kile kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi ufukweni, waulize maji yalifika wapi mwaka 2020, yale yaliyovunja rekodi mwezi wa tano yakaingia majumbani. Watakuonyesha alama kwenye miti na kuta. Mpime kutoka hapo, kwa sababu ukipima kiangazi maji yakiwa yamerudi nyuma, kigingi chako kitakuwa ndani ya ziwa msimu ujao. Matete na mafunjo yaachwe yote, ndiyo yanayochuja tope na mbolea kabla havijaingia majini. Makubaliano yapelekwe halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji unaotakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na yakitakiwa kuwa sheria ndogo yapite halmashauri ya wilaya. Ni safari ndefu. Lakini faini iliyopangwa na wazee wenyewe inalipwa, na ile ya kutoka mjini inakimbiwa.

Sasa, hao vijana wa Igogo wafanyeje, wasiokuwa na chemchemi wala zizi? Wape kazi, na iwe ileile kila wiki, mahali palepale.

Waanze na Mirongo, mto wao wenyewe. Wachague sehemu tatu: juu kabla haujaingia kwenye nyumba nyingi, katikati ya mji, na karibu na unapomwagika ziwani. Siku inayofuata mvua, kwa saa ileile kila mara, wachote kwa chupa angavu za lita 1 zinazofanana, zilizofungwa kwenye mti mrefu, wakiwa na glovu, mdomo wa chupa ukielekea maji yanakotoka. Wasichote pembeni walipokanyaga. Chupa zikae saa 24 bila kutikiswa, kisha wapime tope kwa rula, kwa milimita, na waandike kwenye daftari moja. Ikiwa chupa ya chini ina tope mara nyingi kuliko ya juu, wafuate mto kwa miguu mpaka waone linapoingilia: kilima kilichochimbwa kwa ujenzi, mfereji uliojaa taka, shamba lenye matuta yanayoshuka na mteremko badala ya kuukinga. Wakikuta zaidi ya kimoja, na watakuta, wapige picha na kuandika jina la mtaa.

Kwenye ziwa watengeneze kisahani cha Secchi, kipimo kilichoanzia kwa padri Mwitaliano Angelo Secchi mwaka 1865, na mpaka leo wataalamu wanakitumia. Kateni duara la bati zito au plastiki ngumu, kipenyo sentimita 20, gaweni robo nne, mbili rangi nyeupe na mbili nyeusi, zikipishana. Katikati toboeni, pitisheni kamba, chini fungeni kizito cha nusu kilo ili kishuke bila kuinama. Kamba ya nailoni inavutika ikilowa, kwa hiyo iloweni na kuivuta kwanza, ndipo mtie alama kila sentimita 10. Pimeni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli, bila miwani ya jua. Teremsheni mpaka kisahani kipotee, soma kamba, pandisheni mpaka kionekane, soma tena, chukueni wastani. Siku ya mawimbi acheni, namba itakuwa ya uongo. Na kila aliye mtumbwini avae jaketi la kuokolea maisha, hata anayejidai kuogelea.

Gugu maji nalo walichunguze kabla ya kulivuta. Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na hali ikiwa nzuri kwake linaongezeka mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Watazame majani: wakiona vidoa vidogo vilivyokwanguliwa, ni kazi ya fukusi, wale wadudu walioachiliwa miaka ya 1990 kulipunguza, na sehemu hiyo wasiimalize yote. Wanapolivua wasilirundike kwenye ukingo wa maji, wimbi litalirudisha. Lipelekwe juu, likauke. Mbegu zake zinakaa kwenye tope miaka 15 na zaidi, kwa hiyo wasitangaze ushindi.

Neno moja la tahadhari, kwa sababu naona wengine wanausifia utoto wa kijijini kana kwamba ni pepo. Maji yetu yana kichocho. Furu waliokula konokono walipungua, konokono wako pale kwenye majani ya ukingoni, na mtoto anayesimama kwenye maji yaliyotulia anaupata ugonjwa kupitia ngozi bila kuhisi chochote. Vijana wakija huku kuona viota vya sato, na nataka waje, wavae mabuti ya mpira marefu na watazame wakiwa juu ya mwamba au mtumbwini. Wasiingie kwenye maji yenye majani. Aliyelowa ajifute palepale kwa taulo kwa nguvu, asisubiri kukauka na upepo. Maji ya kuoga yachotwe na kuachwa siku mbili nzima kwenye ndoo iliyofunikwa, au yachemshwe. Wakishamaliza ziara, wakapimwe zahanati baada ya miezi miwili. Dawa ipo na inatibu. Mamba pia wapo, kwa hiyo wasiende ufukweni bila mtu wa hapa, hasa jioni.

Waje si zaidi ya kumi kwa mara moja. Wakiwa wengi wanapiga kelele na dume la sato linaondoka kwenye kiota. Niandikie wiki mbili kabla ili nimwambie mwenyekiti wa BMU na tutafute mtumbwi usiovuja. Waje na madaftari, kamba, chupa na mabuti, chakula kipo. Na mlete mjukuu wetu, ameshafika umri wa kubeba kidumu cha lita 3.

Baba yako anasema umletee miwani yake kutoka kwa fundi.

Ni mimi mama yako akupendaye.